Nakshi ya Karatasini na Nakshi ya Fedha

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mikindani huona milango ya kale ya mbao, ambayo miimo yake imechorwa maua, majani na minyororo. Seremala aliyeichora alianza kwa kuandika nakshi juu ya ubao, kisha akaufuata mstari kwa patasi na nyundo. Mkono wake ulipoteleza, hakupotewa na kazi yote. Alizamisha patasi kidogo zaidi, akaligeuza jani pana kuwa jani jembamba, na wapita njia hawakujua kwamba palikuwa na kosa.

Mfua fedha hana nafasi hiyo. Bangili pana ya fedha haina unene mwingi, pengine milimita moja tu, na mkato ukiisha kuingia ndani yake hauzibiki kama tundu la ubao. Akitaka kuuondoa, hana budi kukwangua fedha yote iliyo kando yake, mpaka uso wa bangili ushuke sawasawa na kina cha kosa; na bangili hiyo itatoka nyembamba, tena nyepesi katika mizani. Zamani mapambo mengi ya pwani yalifuliwa kwa riale za Maria Theresa zilizoyeyushwa, zile riale za Ulaya zilizoandikwa mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mia baadaye. Mwenye riale alimpa fundi fedha kwa uzito, akaja kuipokea kwa uzito. Fundi aliyekosea alilipa.

Ndiyo sababu wachoraji wa fedha, dhahabu na shaba, katika nchi nyingi, hupenda kuiandika picha kwanza juu ya karatasi, ambako kosa hufutika, kisha huihamisha kutoka karatasini na kuiweka juu ya madini, ndipo waanze kukata. Kazi hiyo ya kuhamisha huonekana kuwa ndogo, na watu wengi huidharau. Lakini ndani yake mna mtego mmoja, ambao umewanasa mafundi wa zamani na huwanasa wa leo pia.

Tuseme mama mmoja wa Mikindani alirithi kwa bibi yake bangili mbili za fedha, jozi moja. Siku moja, alipokuwa akivuka kwa mashua, moja ikamtoka mkononi ikazama. Sasa binti yake, Halima, anaolewa, naye mama hapendi aende arusini na mkono mmoja mtupu. Basi anampelekea fundi ile bangili iliyobaki, pamoja na fedha iliyokusanywa polepole, ambayo inatosha bangili moja tu. Hapana fedha nyingine ya kurudia kazi. Anataka bangili iliyo mwenzi wa hii, na kwa upande wa ndani liandikwe jina la bibi arusi.

Bangili ya kale imezungukwa na mmea utambaao. Shina lake lapinda kwenda na kurudi kama mto, na majani yake yote yameelekea upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo wa kusi. Fundi akijaribu kuuiga mmea huo kwa kutazama tu, majani ya kwanza yatakuwa mazuri. Lakini kila jani likizidi upana kwa unywele mmoja, atakapokaribia kumaliza mzunguko ataona hapana nafasi ya jani la mwisho. Kwa hiyo haamini jicho lake. Aitwaa bangili ya kale, aiosha, kisha apaka juu yake masizi yaliyochanganywa na mafuta, akiyasukuma kwa kidole yaingie ndani ya mikato yote. Halafu aufuta uso wa bangili kwa kitambaa kilichokunjwa, asiguse yaliyomo ndani ya mikato. Sasa fedha yang'aa, na mistari ni myeusi. Atwaa karatasi nyembamba iliyotiwa maji kidogo, aizungusha bangili kwa hiyo karatasi, aisugua kwa mgongo wa kijiko, kisha aiondoa taratibu. Masizi yametoka katika mikato yakashika karatasi. Mmea wote umo karatasini, jani kwa jani, kwa kipimo chake hasa.

Wafua dhahabu wa Ulaya walikuwa wakifanya jambo la namna hii katika karne ya 15, ili wawe na kumbukumbu ya nakshi walizowachorea matajiri. Na katika kazi hiyo ya karakana za dhahabu ndimo ilimokulia sanaa ya kupiga chapa picha kwa bamba la shaba lililochorwa.

Lakini tazama karatasi ile tena. Majani ambayo kwenye bangili yalielekea kuume, sasa yameelekea kushoto.

Kila mwanafunzi aweza kuona sababu kwa majaribio mawili yasiyogharimu kitu. Kata kipande cha muhogo mbichi, uusawazishe uso wake, ukachonge juu yake jina MTWARA, kama uliandikavyo katika daftari. Upake wino, ugandamize karatasini. Herufi M, T, W na A hazitaonyesha ugeni wowote, kwa kuwa upande wake wa kuume na wa kushoto ni sawa. Lakini R itatazama nyuma, na neno lote litakuwa ARAWTM. Mwenzako aliyechonga MAMA atapata AMAM, ingawa hapana hata herufi moja iliyogeuka sura.

Jaribio la pili ni hili. Iweke sarafu chini ya karatasi nyembamba, usugue juu ya karatasi kwa ubavu wa ncha ya penseli. Picha ya sarafu itatokea, na maandishi yake yatasomeka vizuri, hayakugeuka kabisa.

Mbona muhogo umegeuza na penseli haikugeuza? Wakitazamana watu wawili, mkono wa kuume wa huyu u mbele ya mkono wa kushoto wa yule. Muhogo na karatasi vilitazamana, uso kwa uso, na kila kilichokuwa kuume kikashika kushoto. Lakini karatasi iliyokuwa juu ya sarafu haikutazamana nayo kwa ule uso uliopokea picha. Uso huo ulielekea juu, na sarafu nayo ilielekea juu, kama watu wawili wanaofuatana njiani. Kwa hiyo kuume kulibaki kuume. Fundi hana haja ya kujua jambo jingine zaidi ya hilo, ila hana budi kulikumbuka kila mara: uso ukikutana na uso, picha hugeuka, na ikikutana mara ya pili, hurudi kama ilivyokuwa.

Mafundi wa Kilwa Kisiwani, kaskazini ya Mikindani kwenye pwani hii hii, waliijua hesabu hiyo tangu zamani sana. Masultani wa Kilwa walipigisha sarafu ndogo za shaba, zenye majina yao kwa herufi za Kiarabu, na maneno ya upande mmoja yalipangwa yapatane kwa vina na maneno ya upande wa pili. Mmoja wao ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa katika mwaka 1331. Sarafu hupigwa kwa muhuri wa madini magumu: kipande cha shaba huwekwa juu ya muhuri mmoja, muhuri wa pili huwekwa juu yake, na nyundo hushuka. Muhuri na sarafu hukutana uso kwa uso mara moja tu. Basi fundi aliyeuchonga muhuri alipaswa kuandika kinyume. Mwandishi wa Kiarabu huanza kuume akaenda kushoto. Mchonga muhuri wa Kilwa alianza kushoto akaenda kuume, na kila herufi aliipindua, katika duara iliyo ndogo kama kifungo cha nguo. Kazi yake ilikwenda mbali. Sarafu moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Na katika mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia. Jinsi zilivyofika huko wataalamu wangali wakibishana.

Karibu miaka mia sita baada ya sultani yule, kazi ile ile ilifanyika mahali pasipotazamiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani ya koloni la Wajerumani, wala sarafu hazikuweza kuja tena kutoka Ulaya. Watu walificha fedha zao, na serikali ikapungukiwa na sarafu za kulipia askari na wapagazi. Hapo Wajerumani wakaamua kupiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora, katika mwaka 1916. Walipiga heler kwa shaba, na kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja wa sarafu hiyo ya dhahabu una tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Upande wa pili una tai wa Ujerumani na maandishi.

Picha za sarafu hiyo ziliandikwa karatasini na Mjerumani, lakini katika karakana ya reli hapakuwa na mashine za kuchonga mihuri kama zilizokuwako Berlin. Mihuri ilichongwa kwa mkono na mfua dhahabu Msinhala, mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Huyo alizoea kufanya bangili na pete. Sasa alipewa chuma kigumu, na picha ya tembo, na maneno ya lugha ya kigeni, akaambiwa ayaandike yote kinyume. Aliweza. Zilipigwa sarafu zaidi ya 16,000 kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Wakusanyao sarafu huzigawa katika namna mbili: katika nyingine ncha ya pambo huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine huishia chini ya herufi A. Mihuri miwili ya mkono haifanani kabisa, hata ikiwa picha ya karatasini ni moja. Fundi yule alipouchonga muhuri mwingine, pambo lilisogea kwa upana wa herufi moja.

Katika mwaka huo huo wa 1916, kwenye mlango wa Ruvuma, Wareno waliitwaa Kionga, nchi ndogo ya ukingo wa kusini ambayo Wajerumani walikuwa wameishika tangu 1894. Wareno wakatoa stempu zao za Lourenço Marques zilizopigwa chapa juu yake jina KIONGA. Mpiga chapa hufanya kazi kwa herufi za risasi zilizopinduliwa, azipange kinyume, ili karatasi isome sawasawa. Na katika jina hilo herufi I, O na A humsamehe, bali K, N na G hazimsamehi.

Iko pia njia iendayo kinyume, kutoka katika madini kwenda kwenye kitu kingine. Katika miji ya kale ya pwani hupatikana vigae vya sahani za Ulaya za karne ya 19, zenye maua na majani ya rangi ya buluu. Maua mengi ya namna hiyo hayakuandikwa kwa mkono. Waingereza walianza katika karne ya 18 kuchora picha ndani ya bamba la shaba, kuijaza rangi, kuipiga chapa katika karatasi nyembamba, kisha kuigandamiza karatasi hiyo mbichi juu ya sahani na kuiosha kwa maji, rangi ikabaki. Hesabu makutano yake: shaba na karatasi, mara moja, karatasi na sahani, mara ya pili. Kwa hiyo mchora shaba wa viwanda vya sahani aliandika maneno yake sawasawa, lakini jirani yake aliyechora shaba kwa ajili ya kupiga chapa picha za vitabu aliandika kinyume. Walitumia kalamu moja na shaba moja, na aliyehamia kutoka kazi hii kwenda ile hakuwa na budi kujizoeza upya.

Turudi Mikindani, kwa bangili ya Halima. Fundi anayo karatasi yenye mmea uliogeuka. Kabla hajaendelea, yampasa kumwuliza mama swali moja, nalo ni lenye maana kuliko yote: ile bangili iliyozama ilikuwaje? Maana jozi za bangili ni za namna mbili. Katika jozi nyingine bangili zote mbili ni sawasawa kabisa. Katika nyingine, majani ya bangili ya kuume huelekea huku na ya kushoto huelekea kule, hata mvaaji akiiweka mikono yake pamoja, mimea miwili hutazamana. Bangili iliyobaki haiwezi kujibu swali hilo. Mama peke yake ndiye ajuaye. Akisema zilitazamana, picha iliyogeuka mara moja ndiyo itakiwayo. Akisema zilikuwa sawasawa, picha lazima igeuke mara mbili. Fundi asiyeuliza atafanya kazi safi isiyo na doa, lakini mama ataitazama na kujua kwamba siyo.

Huyu asema zilikuwa sawasawa.

Sasa yabaki kuitia picha juu ya fedha mpya. Njia ya kale ni kuipaka fedha nta ya nyuki kidogo sana, kiasi cha kuifanya inate, na kuigandamiza karatasi yenye masizi ingali mbichi. Nta hushika masizi. Njia nyingine, nayo haihitaji chochote ila penseli, ni kuusugua mgongo wa karatasi kwa penseli laini mpaka uwe mweusi, kuilaza juu ya fedha iliyopakwa rangi nyeupe ya maji, na kuufuata kila mstari kwa ncha isiyo kali. Katika njia hii ya penseli picha haigeuki, kwa kuwa uso wa karatasi na uso wa fedha vyote huelekea juu. Kadhalika njia ya kuitoboa karatasi matundu kwa sindano, kufuata mistari, na kupigapiga juu yake kifuko cha unga wa mkaa. Fundi aliyeizoea penseli, kisha akahamia njia nyingine bila kufikiri, ndiye ambaye mtego humnasa kwa urahisi.

Na njia nyingine ipo, ambayo mafundi wengi wa siku hizi huipenda, kwa kuwa katika miji kama Mtwara mashine za kunakili karatasi hupatikana madukani. Wino wa mashine hiyo si maji. Ni unga mweusi, uliofanywa kwa namna ya plastiki pamoja na masizi, nao huyeyushwa kwa moto ndani ya mashine hata ukashika karatasi. Karatasi ikitoka ina uvuguvugu kwa sababu hiyo. Unga huo umekaa juu ya karatasi tu, haukuzama ndani, nao hulainika ukiguswa na asetoni, yaani dawa ile ya maji ambayo wanawake huitumia kuondoa rangi ya kucha. Basi fundi aing'arisha fedha, aiosha kwa sabuni na majivu, wala haigusi tena kwa vidole, maana mafuta ya kidole kimoja yatosha kuzuia wino usishike. Ailaza nakala uso chini, aifunga isisogee, apitisha juu ya mgongo wake pamba yenye asetoni kidogo, aigandamiza kwa kijiko, angoja, kisha ainua pembe moja na kuchungulia. Kama mistari imeshika, aondoa karatasi. Kama haikushika, au imesogea, afuta yote na kuanza tena. Aweza kurudia mara kumi, na fedha haijapungua hata chembe. Asetoni iwekwe mbali na taa, jiko na tumbako, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi sana, na kazi hii ifanywe penye dirisha lililo wazi. Wino wa mashine zile zinyunyizao rangi ya maji haufai, kwa sababu karatasi huunywa.

Wengine hawatumii asetoni, bali huipaka fedha kwanza utando mwembamba wa utomvu wa mti ulioyeyushwa katika spiriti, nao hunata ukaushika wino. Watu wa pwani wanaujua utomvu. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini nyuma ya bandari za pwani hii, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko Ulaya na Marekani, ikafanywa vanishi ya magari ya farasi na vyombo vya nyumbani.

Kuna jambo moja la kupima kabla ya kulaza karatasi. Mashine ya kunakili pengine hupunguza au huongeza picha kidogo, na kidogo hicho katika bangili ni jani zima. Fundi huizungusha bangili mpya kwa uzi, aulinganisha uzi na urefu wa picha, na kama havilingani arudi dukani. Juu ya kitu chenye tumbo la mviringo, kama kifuniko cha kijaluba, karatasi haikubali kulala pasipo kujikunja. Hapo hukatwa mikato midogo ukingoni.

Haya, sasa mtego wenyewe. Mmea wa Halima ulitoka katika bangili ya kale kwenda karatasini, uso kwa uso: umegeuka mara moja. Karatasi ilipelekwa katika mashine, nayo ikatoa nakala ifananayo nayo. Nakala ikalazwa juu ya fedha mpya, uso kwa uso: umegeuka mara ya pili. Mmea uko sawa, na fundi hakuhitaji kufanya neno lolote. Lakini jina HALIMA halikutoka katika bangili. Fundi aliliandika mwenyewe karatasini, kwa mwandiko mzuri, likasomeka vizuri. Likilazwa juu ya fedha litageuka mara moja tu, na hapana mara ya pili ya kulirudisha. Picha mbili, za bangili moja, kwa mashine moja na siku moja. Moja haitaki kupinduliwa, nyingine yataka.

Na jina hili ni la hatari zaidi kuliko mengi. H, A, I, M na A hazibadiliki zikigeuzwa. Ni L peke yake itakayosema, nayo ni mistari miwili tu. Fundi akiinamia kazi ndogo, herufi moja moja, chini ya kioo cha kukuzia, huona H nzuri, A nzuri, M nzuri. Haoni kwamba zimepangwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa kuwa hasomi neno, bali afuata mstari.

Kwa hiyo jina hupinduliwa kwanza. Mwenye kompyuta huipindua picha hapo. Asiye nayo huliandika jina juu ya karatasi nyembamba, akaigeuza, akaibandika juu ya kioo cha dirisha mchana, na kulifuata tena kwa nyuma. Ule upande wa nyuma ndio upelekwao katika mashine. Kisha, kabla ya kulaza, hutwaa kioo cha kujitazamia, akakisimamisha kando ya karatasi. Jina likisomeka ndani ya kioo, lilazwe. Likisomeka karatasini, liachwe. Mafundi wengine walio hodari sana hawaachi desturi hii ya kioo hata baada ya miaka mingi, wala hawaoni haya kuonekana wakifanya hivyo mbele ya wanafunzi wao.

Wino ulioshika fedha ni dhaifu, hufutika kwa kiganja. Fundi apitisha ncha ya sindano juu ya mistari mikubwa, kwa wepesi, ili asipotewe na njia. Kisha aikaza bangili juu ya kitanda cha lami iliyochanganywa na unga wa matofali na mafuta kidogo, lami ambayo hulainika kwa moto na kukaza ikipoa. Kalamu yake ni kijiti kifupi cha chuma cha pua, kilichonolewa ncha kwa jiwe la mafuta. Kishikio chake hukaa ndani ya kiganja. Huisukuma mbele, na anapofika mahali pa kupinda huizungusha kazi, siyo mkono. Kalamu ikiwa kali, fedha huinuka mbele yake kama uzi unaojikunja, na mkato hung'aa. Kalamu ikiwa butu huteleza. Makosa mengi ya mkono, kwa kweli, huanzia katika jiwe la kunolea.

Kazi ikiisha, lami hupashwa moto na bangili huondolewa. Fundi aifuta kwa asetoni, na weusi wote wa wino watoka katika kitambaa. Mistari iliyobaki ni ile iliyokatwa tu. Aiweka bangili mpya kando ya ile ya kale, majani yote yakielekea upande mmoja, kisha aigeuza na kulisoma jina la ndani kwa ukucha, herufi kwa herufi, akianzia kushoto. Ndipo akung'uta kitambaa kilichokuwa magotini pake wakati wote wa kazi. Nyuzi zile za fedha zilizokatwa, nyembamba kama nywele, azikusanya katika kipande cha karatasi, aziweka katika mizani pamoja na bangili, na mama aangalia uzito.